Risasi za Darini

Jumatatu, 2 Aprili 1951

Mvua tangu alfajiri. Viatu vya serikali havijakauka tangu Pasaka. Nimefyeka mpaka wa msitu pamoja na Yona hadi bikoni, nguzo ya mpaka, juu ya korongo. Tumerudi tumelowa chapachapa.

Yona aliimba besi njia nzima. Kwaya ya Mtae inamvumilia kwa kuwa ni mrefu na hahitaji ngazi kutundika taa. Mimi namvumilia kwa kuwa ni shemeji yangu, kaka pekee wa mke wangu, na hakuna kibarua mwingine anayekubali kuingia msitu wa Shagayu siku hizi. Wote wanamwogopa chui. Wana haki. Ni yule aliyejinyofoa kwenye mtego wa chuma, akabaki anachechemea. Hawezi tena kukimbiza ngedere, sasa anawavizia watu njiani. Mwezi uliopita alimchukua mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni.

Nina panga. Chui ana kila kitu kingine.

Tarishi amefika jioni. Bwana Misitu ananiita Lushoto nikachukue silaha. Mwishowe! Imebidi mtu aliwe kwanza.

Alhamisi, 5 Aprili

Lushoto. Nilishuka kwa miguu hadi Mlalo, kisha nikapanda lori la viazi. Mgongo wote unauma.

Bwana Misitu alifungua kabati la chuma. Bunduki ndefu keshapewa askari wa Magamba, ambako hakuna chui. Zimebaki bastola mbili kuukuu. Ya kwanza ina mtutu mrefu, nzuri, inakaa mkononi vizuri. Ya pili fupi, nene, mbaya kwa sura, mdomo mpana hata kidole changu cha mwisho kinaingia. Nilichagua fupi.

Bwana alikunja uso, akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Chukua mrefu. Mrefu piga mbali."

Nikamwambia Shagayu hakuna mbali. Kule mtu anapita chini ya mianzi kwa magoti, mimea ya kutambaa inamshika mikono, ukungu umekaa machoni. Ukimwona chui, keshafika. Mtutu mrefu utanasa kwenye mizizi wakati mimi naliwa. Na hii fupi inapiga risasi kubwa, nzito. Risasi nyembamba humpita mnyama kama sindano akaendelea na shughuli zake. Hii humgonga akakaa chini. Bwana alicheka, akaandika jina langu.

Risasi zenyewe ni aibu. Zimeota kutu ya kijani. Tulijaribu sita nyuma ya ofisi, zikalia mbili. Mpya zitatoka Dar baada ya masika, anasema. Chui hana habari na masika.

Nikasema nitazijaza mwenyewe. Nilikuwa karakana ya jeshi miaka ya vita, mpaka Burma. Bwana aliniangalia kama ananiona mara ya kwanza, akakubali.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimeshinda kwa Fundi Dadi, Mbaluchi mwenye kibanda nyuma ya soko. Anatengeneza bunduki za masetla na cherehani za kila mtu. Mkali. Alinitukana mara mbili kabla ya chai.

Ukweli ni kwamba jeshini tulitengeneza bunduki tu. Risasi zilikuja kwenye masanduku, zimefungwa, hatukujua zimepikwaje. Kwa hiyo nimejifunza kama mwanafunzi. Ganda lililokwisha kulia linasafishwa, linabanwa lirudi umbo lake. Fataki mpya kitakoni, ndiyo inayowasha baruti. Baruti kwa kipimo, kikombe kidogo cha shaba, usijaze kwa jicho. Juu yake kichwa cha risasi ulichokimimina mwenyewe kwenye kalibu. Kichwa kina mifereji pembeni, na mifereji hiyo unaipaka nta, ili risasi isikwaruze mtutu.

Hapo kwenye nta Fundi alinishika mkono. "Wewe unatoka juu, kwenye baridi. Nta tupu huko itakuwa jiwe. Tia shahamu ya ng'ombe, nyingi. Iwe laini." Ikawa laini kama siagi.

Akaniazima kalibu na koleo la kubania. Mlangoni akanirudisha. "Na unyevu. Unyevu ndiyo adui. Baruti ikilowa, umebeba mawe."

Jumanne, 10 Aprili

Nyumbani, Mtae. Nimejaza risasi mezani kutwa nzima. Mke wangu, Mama Samweli, aliondoa vyungu vyake bila kunung'unika, jambo la ajabu. Alikaa mkabala nami akasafisha maganda kwa majivu na kitambaa mpaka yakang'aa kuliko vijiko vyake. Aliniuliza kila kitu ni cha nini. Nilimweleza fataki, baruti, nta. Nilimweleza hasa unyevu. Nilisema maneno ya Fundi kwa sauti ya Fundi, akacheka.

Yona alikuja, akainyanyua bastola. "Mgosi, hii ni bastola au nguruwe?"

Nikampokonya. Silaha si mchezo. Lakini kweli inafanana na nguruwe.

Jumatano, 11 Aprili

Nimejaribu tatu kwenye ngema, ule ukuta wa udongo nyuma ya nyumba. Zimelia zote. Kishindo kimerudi kutoka bondeni kama mtu amefunga mlango wa kanisa. Mkono umetetemeka mpaka begani. Udongo umefumuka shimo la kuingia ngumi.

Nimefurahi. Sijafurahi hivi tangu nitoke vitani. Zilizobaki nimezitia kwenye kopo la chai, kopo ndani ya sanduku la nguo, sanduku chini ya kitanda.

Ijumaa, 13 Aprili

Nimekwenda kwa wakwe. Shikamoo kwa mzee, shikamoo kwa mama. Mama mkwe hakuniangalia usoni, hiyo ni desturi, lakini leo alinipa mgongo kabisa. Alisema akielekea ukutani. Kwamba ana binti mmoja na mwana mmoja tu. Kwamba binti alikwisha kunipa. Kwamba sasa namtaka na Yona.

Baba mkwe alikohoa. Yona mwenyewe alikuwa nje anapasua kuni, akiimba.

Nikatoa bastola, nikaiweka juu ya kigoda. Nikaahidi mbele ya wote wawili. Yona ataingia msituni nyuma yangu na atatoka mbele yangu. Mama aligeuka, akaitazama ile bastola fupi. Akasema, "Basi ndiyo hii aliyokabidhiwa mwanangu."

Sikulala vizuri.

Jumatatu, 16 Aprili

Homa.

Alhamisi, 19 Aprili

Homa bado. Mvua bado. Ukungu unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Shuka linanuka. Mama Samweli ananipa uji na mwarobaini, siwezi kusema kipi kibaya zaidi. Kazi ya mpaka imesimama. Yona amekuja kunichungulia, amesema nimekuwa wa rangi ya ndizi mbivu. Nimemwambia akafie mbali. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 22 Aprili

Nimesimama. Miguu mibovu, kichwa safi.

Nilivuta sanduku nichukue risasi. Kopo halimo! Nilipiga kelele. Mama Samweli akaja mbio kutoka jikoni, akanitazama kama mtoto aliyevunja kitu. Akapanda ngazi ya darini, akashuka na ungo. Risasi zangu zote zimetandazwa juu ya ungo kama maharage.

Kumbe nilipokuwa naweweseka, sanduku lilikuwa linatoa jasho. Nguo zote zimeota ukungu, hata koti langu la kanisani. Akakumbuka habari ya unyevu. Akazipandisha darini, juu ya mafiga, penye mahindi na mbegu. Kila kitu tunachotaka kivuke masika, watu wa huku tunakiweka hapo. Moto wa chini haukuzimika siku zote hizo, alikuwa ananichemshia maji usiku na mchana.

Nilizishika. Kavu. Za moto bado. Zinanuka moshi. Nimeoa mwanamke mwenye akili. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu, na mimi si mtu wa kusema mambo ya namna hiyo. Akaona haya, akarudi jikoni.

Nilitaka kujaribu moja kwenye ngema. Nikaona nisiharibu, ni chache.

Jumanne, 24 Aprili

Tumeingia Shagayu. Bastola kiunoni upande wa kushoto, nachomoa kwa mkono wa kulia, hainasi popote. Nimepita chini ya mianzi kwa magoti na imepita pamoja nami. Nilichagua vema.

Tumeona nyayo kwenye tope. Tatu nzito, moja inagusa tu. Yona aliacha kuimba. Sikupenda ule ukimya.

Alhamisi, 26 Aprili

Yona amekufa.

Jumamosi, 28 Aprili

Tumemzika leo. Kaburi lilijaa maji, ikabidi wachote kwa debe. Kwaya iliimba bila besi. Nilisimama nyuma kabisa.

Nitaandika ilivyokuwa. Nisipoandika nitaanza kuikumbuka vingine.

Tulikuwa chini ya bikoni ya korongoni, saa za asubuhi, ukungu mzito. Mimi mbele, yeye nyuma, kama nilivyoahidi. Chui hakuja kwa mbele. Alituacha tupite, akatoka ubavuni, akamrukia Yona mgongoni. Niligeuka. Walikuwa karibu nami kama kitanda na ukuta. Chui alikuwa juu, ubavu wake wote wazi. Hata kipofu angempiga.

Nilichomoa. Nikafyatua. Haikulia kama ile ya ngema. Ililia kama mtu anayetema mate. Chui hata hakunitazama. Nikafyatua tena, gurudumu la risasi likagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, limeganda. Basi nikamrukia kwa panga, nikampiga na kumpiga, akaniachia alama hii ya begani, akaondoka na mguu wake mbovu. Sijui kama atakufa. Sijali.

Yona alikuwa bado macho. Alitaka kusema kitu, shingo haikumruhusu. Nilimbeba. Ni mrefu, miguu yake iliburuta. Alikufa kabla hatujatoka kwenye miti.

Kwa hiyo alitoka msituni nyuma yangu, mgongoni. Hata hilo sikulitimiza.

Jumatatu, 30 Aprili

Bega linawaka. Mganga wa zahanati amelishona vibaya. Mama Samweli yuko kwao kwenye matanga. Niko peke yangu nyumbani na bastola.

Nimeifungua. Risasi ilitoka kwenye ganda ikaishia njiani, nusu ndani ya gurudumu, nusu ndani ya mtutu, kama mtu aliyekwama dirishani. Ndiyo maana gurudumu liligoma. Nimeigonga kwa kijiti cha mti mgumu ikatoka. Sasa swali ni kwa nini haikuwa na nguvu. Kipimo nilikijua. Kila ganda nilipima na kusawazisha kwa kisu.

Nilizifungua zilizobaki, moja moja, kwa koleo la Fundi.

Baruti haimwagiki. Imeshikana, donge jeusi la mafuta. Nimeisugua kwa vidole ikateleza. Ikanuka ng'ombe na moshi. Nikatazama mifereji ya vile vichwa. Mikavu. Hakuna nta hata chembe.

Shahamu. Laini kama siagi, kwa ajili ya baridi yetu. Imekaa juu ya mafiga siku zote za homa yangu, ikayeyuka, ikashuka ndani, ikailowesha baruti kuliko mvua yoyote ya Shagayu.

Nilikaa chini sakafuni.

Ni yeye. Ni mkono wake. Alipanda ngazi akiwa amechoka kwa kuniuguza, akazitandaza vizuri zisigusane, akachochea moto. Na mimi nilizishika za moto nikamsifu. Kaka yake amekufa kwa wema wake na kwa ujinga wangu, na katika watu wote wa Mtae ni mimi tu ninayelijua.

Jumanne, 1 Mei

Sikwenda matangani. Nilisema bega. Uongo.

Baba mkwe ametuma neno. Kesho wazee watakaa. Wanataka kujua bastola ilikuwaje. Watu wanasema niliogopa, kwamba sikufyatua kabisa. Wengine wanasema nilifyatua hewani. Naweza kuwanyamazisha wote kwa kopo moja la baruti iliyoshikana. Nitasema ilikaa darini. Wataniuliza nani aliiweka.

Mama yake atajua. Mama Samweli mwenyewe atajua. Atabeba hilo mpaka kaburini.

Nimeizika ile baruti nyuma ya choo.

Jumatano, 2 Mei

Nimesema ni mimi.

Wazee walikaa ubavuni mwa nyumba, wanawake upande wa jikoni. Baba mkwe hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile bunduki uliyotuwekea juu ya kigoda, ililia au haikulia?"

Nikasema haikulia vizuri. Kwa nini? Nikasema nilipima baruti vibaya. Nilitia kidogo. Nilikuwa na haraka.

Mzee mmoja akauliza kama hazikuharibiwa na unyevu. Alitaka kunisaidia, namshukuru. Nikasema hapana. Unyevu hauna kosa. Ni mkono wangu.

Mama mkwe hakulia. Alisimama, akapita mbele yangu, akanitazama usoni waziwazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe binti yake. Kisha akaingia ndani. Nimekatazwa kukanyaga uwanja ule.

Mama Samweli alinifuata mpaka kwenye njia. Nilidhani atanipiga. Alisema, "Nilikaa mezani nawe. Nilikuona unapima. Ulikuwa unapima kama mtu anayegawa dawa."

Nikageuka kuondoka.

"Basi ulikuwa unafikiria nini?"

Nikasema sijui. Akarudi kwa mama yake. Ananichukia, na afadhali iwe hivyo. Chuki ina dawa.

Jumatano, 9 Mei

Tarishi amekuja kuchukua bastola. Bwana Misitu ameandika mistari michache, kwamba ruhusa ya kujaza risasi ilikuwa kosa, na kazi yangu itaangaliwa upya. Ile yenye mtutu mrefu amepewa mtu mwingine. Nimefunga na vifaa vya Fundi Dadi ndani ya gunia.

Vijana wa Sunga wamemkuta chui amekufa kijitoni, ameoza. Panga ndilo lililomuua, taratibu. Watu wanataka kunipongeza. Nimefunga mlango.

Jumapili, 13 Mei

Mama Samweli amerudi. Kwa ajili ya nyumba, alisema, si kwa ajili yangu. Hatusemezani ila kwa haja. Chumvi. Maji. Mbuzi.

Mchana alipanda darini kuteremsha mahindi ya kupeleka matangani. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachonga mpini. Nilisikia mahindi yanaingia kwenye ungo, kisha nikasikia yanamwagwa tena. Kisha kimya.

Nikainua macho. Alikuwa amesimama katikati ya ngazi, ameushika ule ungo kwenye mwanga wa tundu la moshi. Aliuinamisha huku, akauinamisha kule. Mimi mwenyewe nilikuwa sijautazama tena ungo ule tangu siku ile. Kutoka nilipokaa niliyaona. Madoa ya mafuta, meusi, ya mviringo, kila moja upana wa risasi. Yamepangwa vizuri, hayagusani.

Aliupitisha kidole juu yake. Akanusa kidole.

Nilirudisha macho kwenye mpini. Nilichonga mpaka ukawa mwembamba, haufai tena. Aliposhuka hakunitazama. Alikaa uani akausugua ungo kwa majivu mpaka jioni.

Jumatatu, 14 Mei

Hajasema. Sijasema.

Alhamisi, 17 Mei

Nimerudi kutoka shambani nikakuta dari tupu. Mahindi yote, mbegu za maharage, hata mkungu wa ndizi, ameteremsha. Ameviweka kwenye kona ya chumba, juu ya sakafu ya udongo, karibu na ukuta unaotoa maji. Ngazi ameikata kuni.

Jirani alipita akashangaa. Akamuuliza mambo gani haya, masika yote haya, mtu anaweka mahindi chini! Mama Samweli akamjibu kwamba huko juu kuna moto mno.

Nilitaka kumwambia ni shahamu, si mahindi. Kwamba mahindi hayana nta. Kwamba alifanya alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, na kosa ni la mtu aliyemwambia habari za unyevu akanyamaza habari za moto. Maneno yalifika mdomoni. Lakini nikisema, itakuwa tumesema.

Jumapili, 27 Mei

Mvua imepungua. Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Mama Samweli alikaa kwa mama yake, wameegemeana. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono. Hajui. Hatajua.

Mahindi ya pale kona yameota ukungu wa kijani. Ameyasaga hivyo hivyo. Ugali wa leo ulikuwa mchungu, unanuka ardhi. Alikaa mkabala nami mezani, pale alipokaa siku ya kusafisha maganda, akaniangalia ninavyokula.

Nilikula wote. Nikamwomba aniongeze.